Bunge na Fungu Lake: Nani Huliwekea Mpaka?

Kila mwaka, kabla Aprili haijaisha, makadirio ya matumizi kutoka pande tatu hufika mbele ya Bunge la Taifa jijini Nairobi. Ya kwanza hutoka kwa Waziri wa Fedha nayo hubeba mahitaji ya serikali: barabara, shule, polisi, ulipaji wa madeni. Ya pili hutoka kwa Msajili Mkuu wa Mahakama. Ya tatu hutoka kwa Tume ya Huduma za Bunge, ambayo mwenyekiti wake ni Spika wa Bunge hilohilo. Wabunge huyapitia yote, wakapunguza hapa na kuongeza pale, kisha wakayapigia kura. Katika yale mawili ya kwanza huwa wanakata fungu la wengine. Katika hayo ya tatu wanakata fungu lao.

Fungu lenyewe si dogo. Katika miaka ya karibuni limepita shilingi bilioni 40 kwa mwaka. Kaunti nzima ya Kajiado, iliyohesabiwa watu 1,117,840 katika sensa ya 2019, ilitengewa karibu bilioni 8 katika mgao wa mapato ya kitaifa wa mwaka wa fedha wa 2021/22. Mkazi wa Laiser Hill anayenunua maji ya lori, au mfugaji wa Kajiado ya Kati anayeswaga ng'ombe kilomita nyingi kutafuta malisho, akiambiwa kwamba Bunge hutumia mara tano ya kinachogawiwa kaunti yake, hasira humpanda, na ana haki.

Hata hivyo ulinganisho huo peke yake haututoshi. Bunge linahudumia nchi nzima, na bilioni 40 zikigawanywa kwa Wakenya wote ni kama shilingi 800 kwa kila mtu kwa mwaka. Katika bajeti ya taifa inayozidi trilioni 4, ni sehemu kama moja katika mia. Kinachonisumbua mimi ni jambo jingine: ukuaji wa fungu hili hauna mpaka uliowekwa na mtu asiyefaidika nalo. Na kabla hatujashika mashoka tukaukate uhuru wa Bunge wa kujipangia fedha, inafaa tukumbuke uhuru huo ulitoka wapi, maana haukuokotwa njiani.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, Bunge la Kenya lilikuwa, kifedha, kama idara mojawapo ya serikali. Watumishi wake waliajiriwa kupitia utumishi wa umma, na makadirio yake yalipitia Hazina sawa na ya idara nyingine yoyote. Watu wa Ngong na Ongata Rongai wana sababu ya pekee ya kuikumbuka historia hii. Profesa George Saitoti, aliyekuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini kuanzia 1988, alishika Wizara ya Fedha tangu 1983 hadi 1993, na kuanzia 1989 akawa pia Makamu wa Rais. Mtu aliyetumwa Bungeni na wananchi wa Kajiado kuisimamia serikali ndiye aliyeshika kufuli la sanduku la serikali, na Bunge zima lilimtegemea yeye na maofisa wake hata kwa gharama za kukutana. Simlaumu marehemu, huo ndio ulikuwa utaratibu wa nchi. Lakini tazama ulichozaa. Mbunge asiye waziri hakuwa na ofisi ya maana wala mtafiti wa kumsaidia. Kamati iliyotaka kuichunguza wizara ilitegemea nauli na karatasi kutoka upande uleule unaochunguzwa. Bajeti ya taifa ilisomwa mwezi Juni, ikapitishwa karibu kama ilivyoletwa, kwa sababu hapakuwa na mtu Bungeni aliyelipwa kuifumua na kuielewa.

Mageuzi yalikuja Novemba 1999. Mbunge Peter Oloo Aringo aliongoza juhudi za kuirekebisha Katiba ili iundwe Tume ya Huduma za Bunge, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuiendesha tume hiyo. Kiti cha Spika wakati huo kilikaliwa na Francis ole Kaparo, Mmaasai wa Laikipia. Kwa mara ya kwanza Bunge liliajiri watumishi wake na kuandaa makadirio yake. Faida ilionekana. Kamati zilipata makarani na watafiti wa kudumu. Mwaka 2007 ikaanzishwa Ofisi ya Bajeti ya Bunge, yenye wachumi wanaoweza kuichambua hesabu ya Hazina na kumwambia mbunge wapi pamefichwa nini. Katiba ya 2010 ilichukua mfumo huo ikauimarisha katika Kifungu cha 127.

Anayesema leo kwamba bajeti ya Bunge irudishwe mikononi mwa Hazina anaomba kurudishwa kwa mambo ya 1988. Mimi siungi mkono hilo hata kidogo.

Sasa tuufuate mkondo wa fedha ulivyo. Katikati ya Februari, Hazina hupeleka Bungeni taarifa ya sera ya bajeti, ambamo huwekwa vikomo vya matumizi vya serikali kuu, Mahakama na Bunge. Kikomo cha Bunge kimo, lakini taarifa hiyo huidhinishwa na Bunge lenyewe, ambalo linaweza kukisogeza. Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho ya Tume kuwasilisha makadirio yake, na nakala humfikia Waziri wa Fedha. Waziri anaruhusiwa kutoa maoni kufikia katikati ya Mei. Anatoa maoni, hana kalamu ya kukata. Kamati ya Bajeti hupitia yote, huita wananchi watoe maoni, kisha huleta ripoti ukumbini. Mwishoni mwa Juni sheria ya matumizi hupitishwa, na fungu la Bunge huwa limegawanywa katika sehemu: ya Tume yenyewe, ya Bunge la Taifa, ya Seneti, na ya huduma za pamoja.

Kuanzia Julai 1 fedha zinaruhusiwa kutoka. Hapa uhuru wa Bunge hupungua kwa namna ambayo watu wengi hawaijui. Kila shilingi ni lazima ipate kibali cha Msimamizi wa Bajeti chini ya Kifungu cha 228, na ni Hazina inayoachilia fedha taslimu. Hazina ikisema sanduku ni tupu, hata aliyepitisha sheria husubiri. Mwaka 2023 wabunge walitishia kusimamisha shughuli za Bunge kwa sababu fedha za maeneo bunge, zile za NG-CDF, zilikuwa zimechelewa. Basi serikali bado ina kamba mkononi; imeacha tu kuishika kwenye kuandaa bajeti, ikaishika kwenye kutoa pesa. Kamba ya aina hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, maana hulegezwa na kukazwa bila mjadala wa wazi.

Na kwa kuwa nimeitaja NG-CDF, nitoe tope moja njiani. Mzazi wa Kitengela anayefuata basari ya mtoto wake katika ofisi ya eneo bunge huona pesa hizo kama pesa za mbunge, na huzijumlisha na bajeti ya Bunge. Ni hazina nyingine kabisa, iliyoanza 2003, na kwa sheria hupata asilimia isiyopungua 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria yake ya 2013 mwaka 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha ile iliyoifuata. Julai 2025 Bunge la Taifa likajibu kwa kupitisha mswada wa kuiingiza ndani ya Katiba, pamoja na hazina ya wabunge wawakilishi wa wanawake na hazina ya maseneta ya kusimamia kaunti. Huo ni mjadala mrefu unaostahili makala yake. Hapa nazungumzia fedha za kuliendesha Bunge lenyewe.

Fedha hizo hununua nini? Mishahara ya wabunge 349 na maseneta 67, pamoja na maspika wawili. Kajiado ina saba kati yao: wabunge watano wa maeneo bunge, mbunge mwakilishi wa wanawake mmoja, na seneta mmoja. Hununua mishahara ya makarani, waandishi wa Hansadi, wakutubi, wanasheria, walinzi. Hulipia bima, kodi za ofisi za mashinani na wafanyakazi wake, posho za vikao vya kamati, safari za ndani na za nje. Hujenga pia. Jumba la Bunge Tower, lenye ghorofa 28, lilifunguliwa na Rais William Ruto Aprili 2024 baada ya ujenzi wa takriban miaka 10, na gharama yake ikapita bilioni 9, ilhali makadirio ya mwanzo hayakufika bilioni 6. Nitasema kwamba ofisi zilihitajika. Mbunge asiye na meza hufanyia kazi hotelini, na hoteli nayo hulipwa na mlipakodi. Lakini mradi wa serikali unapopanda hivyo, kamati za Bunge huwaita makatibu wa wizara wajieleze hadharani. Sijaona huu ukipata kikao cha namna hiyo chenye uzito uleule.

Upande wa marupurupu ndio ambao wananchi wanaujua zaidi, kwa sababu umewaingiza barabarani. Kabla ya 2010 wabunge walikuwa na sheria ya kujiongezea mishahara wenyewe, na Bunge lililochaguliwa mwishoni mwa 2002 lilianza maisha yake kwa kujiongezea. Tena sehemu kubwa ya mapato yao haikukatwa kodi. Katiba mpya ilifunga milango hiyo miwili. Kifungu cha 210 kilikataza ofisa wa serikali kusamehewa kodi kwa sababu ya cheo chake, na Kifungu cha 230 kikaunda Tume ya Mishahara na Marupurupu. Kuna mlango wa tatu ambao hautajwi sana: Kifungu cha 116 kinasema kwamba sheria yoyote inayowapa wabunge faida ya kifedha ya moja kwa moja haitaanza kutumika hadi baada ya uchaguzi mkuu unaofuata. Marekani ina kanuni ya namna hiyo kuhusu mishahara ya wabunge wao. Ilipendekezwa 1789, ikakubalika kuwa sehemu ya Katiba yao 1992. Sisi tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza ya Katiba ya 2010.

Tume ya Mishahara, chini ya Sarah Serem, ilipunguza mshahara wa mbunge mwaka 2013 kutoka shilingi 851,000 hivi hadi 532,500. Mei mwaka huohuo Bunge la Taifa lilipiga kura kuibatilisha notisi ya Tume. Mwezi huohuo wanaharakati walimwaga damu na kuachia nguruwe nje ya lango la Bunge, picha ambayo Wakenya wengi bado wanaikumbuka. Juni yakafikiwa makubaliano: mshahara ubaki ule uliopunguzwa, na kila mbunge apewe ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5. Hapo utaona njia ambayo maji hupitia yakizuiwa mbele. Mshahara ukizibwa, marupurupu hufunguka.

Mwaka 2019 njia hiyo ilitumika tena. Tume ya Huduma za Bunge iliamua kuwalipa wabunge posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, na kuihesabu kuanzia Oktoba 2018. Haukupitishwa mswada wowote, kwa hiyo Kifungu cha 116 hakikuguswa. Ulikuwa uamuzi wa tume tu. Tume ya Mishahara ilienda kortini, na Desemba 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba posho hiyo haikuwa halali na fedha zilizolipwa, takriban bilioni 2.7, zirejeshwe. Hoja iliyozama katika uamuzi huo ni muhimu kuliko fedha zenyewe: mamlaka ya Tume ya Huduma za Bunge ya kusimamia bajeti yake hayaifanyi iwe na mamlaka ya kujipangia malipo.

Kuna msemo wa kesi ya nyani kupelekewa ngedere, na wengi huutumia katika mambo haya. Naukubali nusu. Ni kweli kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua vitabu vya Bunge kama vya taasisi nyingine yoyote, na ripoti yake huchapishwa. Lakini ripoti hiyo hupelekwa kwa kamati ya hesabu za umma ya Bunge hilohilo. Bajeti ya Tume ya Mishahara, inayowazuia wabunge, hupitishwa na wabunge. Bajeti ya Msimamizi wa Bajeti vilevile. Ya Mkaguzi Mkuu vilevile. Sisemi kwamba maofisa hawa wamenunuliwa au wameogopa. Kesi ya posho ya nyumba inaonyesha kinyume. Nasema mfumo unawataka wawe mashujaa kila mwaka, na taasisi nzuri haipaswi kutegemea ushujaa.

Tazama pia Mahakama, ambayo Katiba iliitaja kama mkono sawa wa dola. Makadirio yake hupita palepale, na hupata takriban nusu ya linachopata Bunge. Novemba 2019 Jaji Mkuu David Maraga alijitokeza mbele ya wanahabari kulalamika kwamba bajeti ya Mahakama ilikuwa imekatwa kiasi cha kutatiza kazi za kila siku. Sijawahi kumsikia Spika wa Bunge la Taifa akilazimika kuitisha wanahabari kwa lalamiko la aina hiyo. Anayekata huwa hakosi.

Hata ndani ya Bunge lenyewe ukataji hauna usawa. Kifungu cha 127 kinataka makadirio ya Tume yawasilishwe kwa Bunge la Taifa pekee. Seneti haiyapigii kura, ingawa ni yake pia. Spika wa Bunge la Taifa ndiye mwenyekiti wa Tume. Spika wa Seneti hata si mwanachama, japo Karani wa Seneti ndiye katibu. Kwa mtu wa Kajiado hili si jambo la itifaki. Seneti ndiyo iliyopewa kazi ya kulinda kaunti na kufuatilia pesa zinazoteremshwa kwa magavana. Seneta anayetaka kwenda Loitokitok, Magadi au Namanga kuangalia kama zahanati iliyolipiwa imejengwa, bajeti ya safari yake imeamuliwa na nyumba ambayo mara nyingi hugombana na yake. Maseneta wamelalamika kwa miaka mingi, na katika lalamiko hili wako sawa.

Sasa tuteremke hadi Kajiado mjini, kwenye Bunge la Kaunti. Hapa ndipo nimepata jibu la swali langu, na nashangaa halizungumzwi zaidi.

Bunge la Kaunti ya Kajiado lina wawakilishi waliochaguliwa na wadi 25, pamoja na wateule. Lina bodi yake ya huduma, kama vile Bunge la kitaifa lilivyo na tume. Huandaa makadirio yake na kuyapitisha. Lakini haliko huru kujipimia litakavyo. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za serikali za kaunti, za mwaka 2015, zinasema matumizi ya bunge la kaunti yasipite asilimia 7 ya mapato yote ya kaunti, au mara mbili ya malipo ya watumishi wa bunge hilo, na kati ya vipimo hivyo viwili hufuatwa kilicho kidogo. Juu ya hapo, Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza vikomo vya matumizi ya kawaida, na Seneti huviidhinisha.

Maana yake ni kwamba mwakilishi wa wadi ya Kitengela anafanya kazi chini ya mpaka uliowekwa na watu wengine, kwa kipimo kinachojulikana, ambacho mwananchi yeyote mwenye kikokotoo anaweza kukihakiki. Mbunge wa Kajiado Mashariki, anayewakilisha watu walewale, hana mpaka wa namna hiyo. Waliomwekea mwakilishi wa wadi mpaka, hata hivyo, ni wakubwa zake wa Nairobi. Sijaona hoja ya kisheria au ya kimaadili inayoeleza kwa nini kipimo kinachomfaa wa chini kisimfae wa juu.

Najua pingamizi litakalokuja. Asilimia hupanda mapato yakipanda, hata kama Bunge halihitaji zaidi. Ndiyo sababu kanuni ya kaunti ina vipimo viwili na kuchukua kilicho kidogo. Kinachopanda kimoja hushikwa na kingine. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Rais mwenye hila anaweza kulibana Bunge kwa kutumia mpaka huohuo. Nalikubali, na jibu langu ni kwamba mpaka wa juu uandamane na mpaka wa chini, ili serikali isiweze kulifukarisha Bunge na Bunge nalo lisiweze kujinenepesha. Vyote viwili viandikwe kwenye sheria, kwa tarakimu, na marekebisho yake yaanze kutumika baada ya uchaguzi mkuu, kwa roho ya Kifungu cha 116.

Majirani wana mafunzo, ingawa hakuna hata mmoja wa kuigwa mzimamzima. Tanzania ina Mfuko wa Bunge na Tume ya Utumishi wa Bunge, chini ya sheria ya 2008. Aprili 2016 Bunge hilo lilimkabidhi Rais John Magufuli hundi ya shilingi bilioni 6 za Tanzania, akiba iliyopatikana kwa kubana matumizi ya Bunge, ili zitengeneze madawati ya shule. Madawati ni kitu chema, na wengi walishangilia. Mimi nilibaki na wasiwasi. Bunge lililobakiza fedha linapaswa kuzirudisha kwenye Mfuko Mkuu kwa utaratibu wa kawaida, na si kumpa Rais mkononi, kwa kuwa yeye ndiye wanayepaswa kumsimamia. Mwanzoni mwa mwaka huohuo matangazo ya moja kwa moja ya vikao kwenye televisheni ya taifa yalikuwa yamekatwa kwa hoja ya gharama, bilioni 4.2 kwa mwaka. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utaona jinsi ubanaji matumizi unavyoweza kumnyima mwananchi kile alichokuwa akilipia.

Uganda imekwenda upande mwingine. Katiba yake inataka makadirio ya vyombo vinavyojitegemea, Bunge likiwamo, yapelekwe kwa Rais, ambaye huyawasilisha bila kuyabadili ila anaweza kutia maoni, na Kifungu cha 85 kinalipa Bunge lenyewe mamlaka ya kuamua malipo ya wabunge. Hakuna tume ya mishahara yenye kauli ya mwisho. Mapema 2024 wanaharakati walichapisha mtandaoni nyaraka za matumizi ya Bunge lao, zikiwamo zawadi za mamia ya mamilioni ya shilingi za Uganda ambazo makamishna wa Bunge walijitunukia, na Julai mwaka huo vijana walioandamana kuelekea Bungeni wakakamatwa. Uingereza ilijifunza kwa aibu yake: baada ya gazeti kufichua madai ya marupurupu ya wabunge Mei 2009, mishahara na gharama zao zilikabidhiwa chombo huru, ambacho huchapisha madai ya kila mbunge kwa jina. Kuchapisha huko ndiko kumefanya kazi kubwa kuliko sheria yenyewe.

Hapa kwetu Juni 25, 2024 ilibadili mazungumzo. Vijana waliokataa Mswada wa Fedha waliingia ndani ya Bunge, na risasi ziliua watu nje yake. Kitengela na Rongai nazo zilishuhudia maandamano, moshi wa matairi na vifo katika wiki hizo. Rais aliuondoa mswada siku iliyofuata, na Julai 5 akatangaza kupunguza matumizi, tena akawakataza maofisa wa serikali kushiriki harambee. Katika bajeti ya ziada iliyofuata, mafungu ya taasisi za serikali yalikatwa, la Bunge likiwamo. Basi inawezekana kukata. Iliwezekana kwa sababu watu walikufa. Ni bei ya kutisha kwa jambo ambalo tarakimu moja katika sheria ingelifanya kila mwaka bila mtu kuumia.

Harambee hiyo nayo inanilazimu niseme neno na wasomaji wenzangu. Wabunge wanapoulizwa kuhusu mapato yao hujibu kwamba wapigakura huwamaliza: karo, bili ya hospitali, jeneza, paa la kanisa. Si uongo. Mlango wa mbunge wa Kajiado hufurika watu kabla jua halijachomoza, na wengi wetu tumewahi kuwa kwenye foleni hiyo au kumtuma ndugu. Tunamtaka mbunge awe bima ya afya, benki na shirika la misaada, kisha tunashangaa anapotafuta njia za kujiongezea. Tukiendelea kumpima kwa bahasha anazogawa, tutakuwa tunaidhinisha kwa mkono mmoja posho tunazozilaani kwa mwingine.

Kuhusu idadi ya wabunge, nitapita upesi. Mwaka 2019 chama cha Thirdway Alliance kupitia mpango wa Punguza Mizigo kilitaka wabunge wapunguzwe hadi 147. Kilipata saini zaidi ya milioni moja, lakini mabunge ya kaunti yakauzima. Kupunguza viti ni kazi ya kubadili Katiba na pengine kura ya maoni, na maeneo makubwa kama Kajiado Magharibi yangezidi kukosa mwakilishi wa karibu. Kuweka mpaka wa matumizi hakuhitaji hayo yote. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ikirekebishwa kidogo, na kanuni zake zikifuata mfano uleule wa kaunti, inatosha. Spika wa Seneti kuingizwa kwenye Tume kutahitaji kugusa Katiba, na hilo lisubiri. Kuchapisha kila robo mwaka matumizi ya Bunge kwa mchanganuo unaosomeka, safari kwa safari na kamati kwa kamati, hakuhitaji hata sheria mpya. Kunahitaji uamuzi wa Tume katika kikao kimoja.

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge ili litunge, lirekebishe au lifute sheria yoyote. Ombi la kulitaka Bunge la kitaifa likubali kipimo kile kile lilichowakubalia wawakilishi wa wadi linaweza kuandikwa Laiser Hill, likatiwa saini Kitengela na Kajiado mjini, na kukabidhiwa kwa mmoja wa wale saba tuliowatuma. Makadirio ya Tume huwasilishwa kufikia Aprili 30, na Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya umma mwezi Mei. Mwaka huu, ukienda kutoa maoni yako kuhusu barabara na maji, yafungue pia makadirio ya Bunge, uyasome, na uulize swali moja kwa sauti: mpaka wa fungu hili ni upi, na umewekwa na nani?